Mkono Haukuwa Mtupu

Treni ililala kati ya Bahi na Kintinku.
Maji yamekula tuta, alisema mkaguzi wa tiketi,
tukabaki juu ya chuma, watu mia sita na ushei,
maji kulia, maji kushoto,
na bombani, tone.

Kunawa kwa haba si jambo geni kwetu.
Nyumbani Chamwino, kikombe kimoja, watoto watano,
mama akimimina kama anayepima dawa,
maji ya wa kwanza yakidondokea mikono ya wa pili,
ya mwisho yakienda kwenye mche wa mpapai.
Lakini kule ni nyumbani,
uchafu wetu tunaujua kwa majina.

Mkono wangu wa kulia, tangu stesheni ya Dodoma:
umepokea chenji kwa muuza ubuyu,
umeshika chuma cha ngazi,
umeshika kitasa cha choo ambacho kila anayetoka
hukifunga haraka, kama anayeficha deni,
umemsalimu mzee Chilongani, aliyesalimu behewa zima,
umefuta jasho,
umerudi kitasani.
Kisha ukachota karanga kwenye karatasi,
ukampa Ndahani, miaka minne, mtoto wa jirani,
aliyekuwa ananitazama tu.
Akasema asante. Akala mojamoja,
akilamba chumvi vidoleni.

Usiku wa pili behewa la tatu halikulala.
Alianza mwanafunzi wa ufundi, akafuata mama wa mapacha,
halafu foleni, gizani, kimya,
kila mtu akitazama viatu vyake.
Kulipokucha Ndahani alikuwa amelegea begani mwa mama yake
kama kitambaa kilichosahauliwa kuanuliwa,
macho yamezama.
Mama yake hakuniuliza kitu.
Heri angeniuliza.

Mkono mtupu haulambwi, walisema wahenga.
Wangu haukuwa mtupu.

Ndipo akainuka Sechelela, muuza mchele wa Bahi,
mwanamke wa sauti ya mchi kinuni.
Akaomba dumu la lita tano, akaomba msumari,
akaupasha kwenye jiko la mgahawa, akatoboa,
akafunga kamba, na chini yake kijiti cha kukanyaga:
kibuyu chirizi, mlangoni mwa behewa!
Maji ya tuta yakachujwa kwa kanga, yakachemshwa.
Mche wa sabuni akaukata kwa uzi, vipande kumi na vinne.
"Usiponawa hupiti. Hata wewe mwenye tai."
Mzee Chilongani akamnyooshea mkono;
Sechelela akaweka wake kifuani:
"Mbukwa, baba. Leo salamu haihitaji vidole."
Mzee alinuna mpaka saa nne.
Saa tano alikuja kunawa, mpaka kwenye viwiko,
bila kumtazama mtu.

Lita moja iliyochemka ikapoa.
Vijiko sita vidogo vya sukari, nusu ya chumvi.
Mama alimnywesha mwanawe kijiko kwa kijiko,
na mimi nikapewa kazi ya kukanyaga kijiti.
Nilinawa kwanza. Nikanawa tena:
katikati ya vidole, chini ya kucha,
na kidole gumba, ambacho siku zote
hudhani kimeoshwa na wenzake.

Siku ya tatu injini ikaja kutoka Manyoni.
Bado tulikuwa tumesimama, lakini watu walianza kufunga mizigo
na Ndahani akaomba karanga.
Nilimpa karatasi nzima, imefungwa.
Hakuipokea. Alishuka mapajani mwa mama yake,
akaenda mlangoni kwa miguu isiyo na nguvu bado,
akakanyaga kijiti, akasugua kipande cha sabuni
kilichobaki ukubwa wa ukucha,
akarudi na viganja juu, vikichuruzika hadi kwenye mikono ya shati.
"Mimi tayari," akasema. "Na wewe?"

Nikaiweka karatasi kwenye kiti.
Nikaenda kupanga foleni
nyuma ya mzee Chilongani.