Pua ya Kuazima

Baba amepotewa na pua.
Ile ya nyama ipo, ndefu, miwani juu yake;
iliyokwenda ni ile ya ndani
iliyojua, yeye akiwa ghorofani,
kwamba vitunguu huko chini vimebakiza dakika mbili viungue.
Homa ya wiki moja iliondoka nayo.
Daktari alisema tungoje. Mwaka wa tatu huu.
Ulimi umebaki na yake machache:
chumvi, uchachu, uchungu, na pilipili inayouma bila kujitambulisha.

Miaka thelathini na minne alipika Oldham
kwa watu waliotoka baa Ijumaa usiku
wakidai mchuzi mwekundu, mkali, jina lolote.
Majina aliyakuta kwenye menyu
kama mpangaji anavyokuta makochi ya mwenye nyumba.
"Madras?" husema mpaka leo. "Madras sijafika.
Mimi mtu wa Beanibazar."

Basi Jumapili namtia garini.
Yeye ana daftari na kalamu, mimi nina pua,
na sheria ni yake: Rushna, usiniambie "kitamu."
Kitamu ni mlango umefungwa. Niingize ndani.

Leicester, kwa Wagujarati, sinia la vibakuli tisa,
na Hansaben anakuongezea dengu kabla hujanyanyua macho.
Mvuje, Baba, nikasema.
"Mvuje mkavu, au uliokwisha kutana na samli?"
Nikainama tena, nywele zikachovya kwenye mtindi.

Tooting, kwa Watamil, sikuhitajika.
Dosa ilikuja imeviringwa kama ramani;
aliisogezea sikio, akaivunja pembe.
"Unga huu umelala usiku kucha," akasema,
akaandika nane, na akala akitabasamu ukutani.

Bradford saa moja asubuhi, mvua ya ubavu,
nihari ya uboho iliyochemka tangu jana,
madereva wa teksi wamekaa na makoti yao.
Mdalasini, nikasema, halafu kitu kama chuma cha moto,
halafu tangawizi inakuja mbio imechelewa.
"Hapo," akasema, "hapo umeanza kusema."
Jirani wa meza, Khadim, akaapa kuwa Lahore yenyewe imehamia mtaa huu.
Baba akamnong'oneza mchuzi: "Mtu wa Lahore hula taratibu.
Huyu anakula kama anayesubiriwa na mita."
Saba na nusu. Alitaka nane, mkate ukamponza.

Halafu Oldham. Alikuwa akiikwepa.
Shofiq, aliyekuwa muosha sahani wake, sasa ana mgahawa wake,
taa za zambarau, menyu nzito kama kitabu cha sheria.
"Usiagize," Baba akaniambia. "Ngoja."
Tukangoja hadi mteja wa mwisho alipopata koti lake,
menyu zikapangwa kabatini,
na jikoni wapishi wakapindua madebe ya mafuta, wakakaa.
Kikaja chakula kisichoandikwa popote:
ng'onda iliyopondwa na pilipili,
na nyama ya ng'ombe kwa shatkora, ndimu ya kwao yenye ganda nene.

Haya, akasema, kalamu tayari.

Ndimu, nikaanza. Hapana, si ndimu.
Ganda la chungwa lililokasirika. Hapana.
Moshi... sufi...
Koti lako, Baba.

"Koti gani?"

Lile la kijivu. Nyuma ya mlango.

Shofiq aliacha kutafuna.
Baba akachukua kipande cha ganda, akakiweka ulimini,
akakikalia muda mrefu kama mtu anayesoma barua ya mkopo.
"Uchungu umezidi," akamwambia Shofiq. "Umelitia mapema."
Ni kweli, Shofiq akasema, na akafuta macho kwa aproni,
akisingizia ng'onda.

Daftarini hakuandika namba.

Tulikuwa tumeshaipita taa ya tatu
aliponiuliza, uso kwenye kioo cha dirisha:
"Na mfuko wa ndani? Mfuko wa ndani ulinukaje?"

Peremende, nikasema. Zile za wateja, za kwenye sahani ya bili.
Kila usiku uliniwekea moja chini ya mto,
nami sikuwa nimelala.