Salfa

Daktari wa Kitangari alinimulika kooni kwa tochi.
Unavuta sigara?
Sivuti.
Unakoroma?
Hilo mwulize Somoe.
Maji unakunywa?

Hapo nikacheka, kikohozi kikanidaka:
ndoo ni shilingi mia tano, daktari,
na bomba letu linakohoa upepo kunishinda.

Sikumwambia habari ya alfajiri,
mashine ya kukodi mgongoni, leso puani,
unga wa njano ukiipanda mikorosho
kisha ukinirudia,
nami nikimeza,
maana mnada hausubiri koo la mtu.

Akaandika: maji, asali, mapumziko.

Nyumbani Somoe alinipa uji.
Nikafungua kinywa nimshukuru,
ikatoka sauti ya jani kavu.
"Haya," akajibu,
kana kwamba nimesema yote.