Paa na Paa

Nimezikata kwa wembe karatasi za mtihani wa mwaka jana,
zile za majibu yaliyokosewa,
upana wa kidole, urefu wa kiganja,
vipande arubaini na kimoja kwa darasa la nne, Wiyoni.
Hiyo ndiyo mashine yetu. Haili umeme.

Shika mbele ya midomo, nawaambia, isiguse.
Sema lile neno la kalamu kwa Kiingereza.
Ikiruka, umelisema.
Ikilala, umesema kitu kingine.

Zana nyingine zimo kikapuni:
ukanda uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli,
unauvuta kwa mikono miwili ukimtaja kondoo,
unauachia ukiitaja meli,
maana Waingereza wametenga kondoo na meli kwa kuvuta tu,
na Bunu, asiyependa kuvuta,
ametusimulia jinsi babake alivyochinja meli siku ya Idi.
Simu yangu ya vitufe nailaza ndani ya bakuli la bati:
mwanamke wa kwenye kanda anatoka na sauti
kama aliyetumbukia kisimani na hana wasiwasi.
Kwa ulimi kati ya meno sikuwa na la kuwapa.
Walikuja nao kutoka chuoni, umeshanolewa.

Lakini karatasi ya Lali haikuruka.
Jumatatu haikuruka.
Jumatano alivimbisha mashavu, ikalowa mate.
Alhamisi upepo uliingia dirishani
na karatasi zote arubaini na moja zikasema bila mtu,
tukafunga madirisha, tukatoka jasho, ya Lali ikalala.

Ndipo Mwanaesha, kutoka nyuma:
"Mwalimu, mwambie ataje paa."
Paa gani?
"Wa mwituni."
Ikaruka.
"Sasa la nyumba."
Ikalala.

Mimi sikusikia tofauti.
Sikio langu lilipokea neno moja mara mbili.
Niliiamini karatasi.

Wakaendelea bila mimi.
Kaa la moto, kimya. Kaa wa mikokoni, ikashtuka.
Chungu cha kupikia, kimya;
chungu walioingia kwenye sukari, ikatetemeka,
na mtu akadai ameiona ikitetemeka kwa miguu sita.

Haya, nikasema, chukueni pumzi ya yule mnyama
mkaitie kwenye kalamu.
Lali akafumba macho.
Nadhani alimwita paa kwanza, kimoyomoyo.
Karatasi ikampiga puani.

"Na wewe, Mwalimu."

Mimi ni wa Bungoma.
Kwetu b na p ni pacha waliobadilishana nguo,
hata chuo cha ualimu nilijiandikisha Barasa
nikaitika Parasa.
Nikashika karatasi. Paa, nikasema, nikimfikiria mwenye pembe.
Ikalala.
Nikamfikiria anakimbia.
Ikalala.
Walicheka mpaka mwalimu wa darasa la tano akachungulia mlangoni.

Jioni Lali alinipeleka kwa nyanyake,
Bi Mwanatumu, mshona kofia.
Aliigeuza karatasi, akasoma jibu lililokosewa,
akaiweka chini ya goti.
Kwenye kofia akavuta uzi,
akauning'iniza mbele ya midomo yake.
Paa akapita, uzi ukaenda naye.
Paa likakaa, uzi ukakaa.
"Hini si Kizungu, Mwalimu," akasema. "Hini ni pumuzi."
Kisha akanipa ule uzi, akarudi kwenye tundu lake la kumi na moja
kama aliyemaliza kuazimisha chumvi.

Wiki ijayo mkaguzi anakuja na fomu.
Ina jedwali la vifaa vya teknolojia: aina, idadi, hali.
Nimejaza.
Karatasi, arubaini na moja, moja ina mate.
Ukanda wa tyubu, mmoja.
Bakuli, moja, la mke wangu, hajui.
Uzi, mmoja, wa kuazima.
Kwenye hali ya mwalimu, ambayo hawakuuliza,
nimeongeza kwa penseli pembeni:
paa wangu bado ameezekwa makuti.