Yaya

Julai, Nairobi, saa kumi na mbili asubuhi.
Baridi inang'ata kama inatudai.
Langoni wamekwisha kujipanga,
wengine tangu usiku, blanketi begani,
mkononi karatasi iliyokunjwa hadi mikunjo imekuwa matundu.
Mimi napita kando ya foleni
kwa sababu ya kamba shingoni:
MKALIMANI WA KUJITOLEA.
Silipwi. Napewa nauli,
na saa saba maharagwe na chapati moja.
Nimetoka Korogwe na Kiswahili changu sanifu,
nikidhani nimebeba ufunguo wa kila mlango.

Chumba namba nne. Meza, kisanduku cha tishu,
saa ya ukutani inayokimbia mbele dakika kumi.
Wabiwa Asukulu alikaa ukingoni mwa kiti
kama mtu anayengoja kuambiwa ainuke.
Anakaa Kayole. Anatembeza vitenge mlango kwa mlango,
na jioni anahesabu vilivyouzwa, kisha matusi.

Alisema: "Walianza na yaya. Mbele yetu.
Yaya njo alinilea. Njo alikuwa ananibeba.
Mama alishakufaka."

Nami, mtoto wa Korogwe, sikupepesa jicho.
Nikamwambia Bi. Solveig kwa lugha yake:
mtumishi wa nyumbani, msichana wa kulea watoto.
Kibodi ikalia, tatatata, mvua ya kwanza juu ya bati.
Akauliza bila kuinua macho:
Kwa hiyo familia yenu ilikuwa na uwezo?
Nikalipeleka swali. Wabiwa akanitazama mimi,
si yeye, mimi, muda mrefu,
akasema, "Tulikuwa na mbuzi wane."
Hilo nalo likaandikwa.

Wiki tatu.
Nimekaa ngazini na sahani yangu ya maharagwe,
kijana mmoja anavuka ua kwa hatua ndefu,
na nyuma yake katoto, viatu vimemzidi, kanapiga kelele:
"Yaya! Yaya, uningoje!"
Yule kijana akageuka.
Ana ndevu.
Chapati mdomoni mwangu ikawa udongo.

Nikamwendea mzee mmoja kwenye foleni.
Kwenu, yaya ni nani?
Akanishangaa, kama nimemuuliza maji ni nini:
"Si ni ule alizaliwa mbele yangu."

Faili lilikuwa limeshapanda ghorofa ya juu.
Bi. Solveig alifumba macho, akayafumbua, akanipa karatasi.
Nikaandika: Mimi, mkalimani, nimekosea.
Aliyeuawa hakuwa mtumishi. Ni dada yake mkubwa, Apolina.
Hawakuwa na uwezo. Mbuzi ni wanne tu.
Karani akagonga muhuri, akasema subiri,
neno ambalo hapa halina haja ya mkalimani.

Jumamosi nikaenda Kayole kukiri.
Wabiwa alikuwa anakunja vitenge juu ya kitanda,
pindo kwa pindo, hakusimama.
Nilipomaliza, alinyamaza.
Kisha: "Sasa kule mu karatasi,
Apolina alikuwa anapata mshahara?"
Akacheka. Akacheka mpaka kitenge kikamponyoka,
na mahali fulani katikati, sikuona wapi,
kicheko kikawa kitu kingine,
na jirani akapunguza redio.
Akanipa chai. Ndiyo iliyoniuma zaidi.

Jibu halijaja mpaka leo.
Siku hizi namsimamisha mtu katikati ya msiba wake:
Samahani, neno hili kwenu lina maana gani?
Wengine hukasirika. Naandika pembeni
kwenye daftari ambalo nimelinunua mwenyewe.

Usiku nikampigia dada yangu Korogwe.
Alipokea mikono ina unga, simu imebanwa kwa bega,
nyuma yake watoto wanagombania kiti.
Nikamwita, "Yaya."
Akacheka: "We! Tangu lini nimekuwa mtumishi wako?"

Nikafungua kinywa kumtafsiria.
Salio likakatika kabla yangu.