Rangi ya Trekta

Tumebaki sita, ukimhesabu Vasyl ambaye hasikii.
Kanisa lina nafasi ya watu mia na ishirini
na kuba moja la bati, lililotobolewa na mvua ya mawe
mwaka ule ngano yote ililala chini kama walevi.
Huku nyanda za Kanada, kuba huliona kabla hujaona nyumba.

Mimi ndiye mtunza hazina. Hazina!
Kopo la biskuti: dola mia nne na kumi na mbili,
kifungo cha koti, na risiti ya misumari
ya mwaka niliomzika mume wangu.

Fundi wa mjini alikuja, akatazama juu,
akapiga mluzi mrefu, akaandika tarakimu.
Nestor aliisoma mara mbili, akaikunja,
akaichomeka chini ya mguu wa meza uliokuwa mfupi.
Tangu siku hiyo meza imetulia.

Haba na haba hujaza kibaba, najua.
Chetu kina tundu.

Nyasi anakata Orysia, kwa mashine
ambayo haiwaki mpaka itukanwe.
Huitukana kwa sauti ya chini, kwa Kiukreni,
uso ameupa barabara, mgongo ameupa madhabahu.

Rangi tuliipata ghalani kwa marehemu Hnat:
makopo matatu, kijani cha matrekta.
Tukampandisha Vasyl ndani ya beleshi la trekta,
tumemfunga kiunoni kamba ya kuzalishia ndama,
sote chini tukimpigia kelele asizozisikia.
Akaziba matundu kwa lami, akapaka siku mbili.

Rangi ikaisha upande wa kaskazini.
"Basi," akasema Nestor, "upande huo hauonekani barabarani.
Unaonekana makaburini tu."

Paraska akaweka ndoo chini.
"Makaburini," akasema, "ndiko waliko walioijenga."

Hakuna aliyejibu. Jumatatu aliuza mayai,
Jumanne alirudi na kopo moja,
la bei ya chini kabisa dukani: njano, ya magurudumu.

Padri huja mara moja kwa mwaka, mwezi wa Agosti.
Alizunguka kanisa zima, akasimama kaskazini,
kofia mkononi, muda mrefu,
kisha akauliza kama kuna chai.

Kopo la biskuti: dola tisa.
Kifungo bado kimo.