Sindano Saa Sita

Mtambo mdogo wa gesi umeshika mwendo,
unapiga mluzi mmoja, mwembamba, usiokata.
Upande wa pili wa swichi iko gridi,
nzito, haina habari nasi,
inapwita mara hamsini kila sekunde
kama inavyopwita Tabora,
kama inavyopwita huko isikonijua.

Sindano ya kulinganishia inazunguka.
Mbio mno. Naupunguzia mtambo gesi
kama unavyochomoa makaa chini ya wali.
Haya, polepole. Saa tatu. Saa nne.

Baba alifunga mabehewa stesheni ya Kigoma
miaka ishirini na sita, akastaafu na vidole vinane.
Alituambia, mimi na Bukuru, pacha wangu:
behewa halina ubaya, ubaya ni haraka ya mfungaji.

Mwezi wa tatu nilifunga swichi sindano ikiwa saa tano.
Nilidhani imetosha.
Sakafu iliguta. Shafti ikateguka kama kifundo cha mguu,
relei zikaruka moja baada ya nyingine,
mji ukazimika: Mwanga, Katubuka, Gungu,
majokofu ya migebuka kule Kibirizi,
cherehani ya Nyabenda katikati ya mshono.
Simu ya kwanza ilikuwa ya Bukuru:
"Butoyi! Umeniachia nusu geti!"

Leo napandisha volti, nashusha volti,
nataka wimbi letu lilale juu ya wimbi lao
kama doti ya kanga iliyokunjwa vizuri,
pindo kwa pindo.
Likiteleza kidogo tu, balbu za watu zitakonyeza,
na wodini mama aliyelaza kichanga ndani ya kioo
atainua uso.

Saa tano.
Saa tano na nusu.
Kiganja kina jasho.
Saa sita.

Tko.

Hakuna kilichotokea.
Ndiyo kazi yenyewe: kisitokee kitu.
Kesho sokoni hatasikika mtu akisema,
jana, jamani, taa hazikucheza.

Naandika kitabuni: muda, volti, jina langu.
Halafu, kwenye laini ya Gungu, sindano nyingine
inainama kama mtu anayesinzia ibadani,
inashtuka, inainuka.
Inainama tena.

Mzee Ntakije, msimamizi wa zamu, anakunja uso:
"Nani huyo anatuchafulia umeme usiku wote huu?"

Kuna mtu ana geti la kumalizia,
miwani myeusi usoni, cheche miguuni,
tulizaliwa tukipishana dakika kumi na moja.

Nasema, sijui, bosi.