Fremu ya Jawa

Bohumila hakuanza na injini.
Alianza na mifupa:
fremu tupu, inaning'inia kwa mnyororo
ghalani, Moravia, theluji ikisukuma mlango.

Msasa ukala nyekundu, ukala kijani,
ukagota kwenye chuma
na kovu chini ya tangi,
nene, lililochomelewa kwa pupa.

Si la kiwandani.
"Baba yako," akasema jirani, mzee Vlastimil,
"usiku ule alirudi akiisukuma.
Hakusema alikotoka."

Aliwasha grenda.
Akaizima.

Sasa rangi ni nyeusi, inateleza kama koti la mvua.
Bolti zimerudi, bushi, shokapu za mbele;
nati moja imebaki mezani, haijulikani kwao.
Kovu halikusawazishwa.
Pitisha kidole, utalikuta
limevaa weusi,
limenyamaza vilevile.